Vidonge Ndani ya Pindo

Mimi ni msusi, na msusi huyajua mambo ya kichwa cha mtu kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Ndiyo maana nimechelewa kujisamehe. Kichwa cha wifi yangu nilikuwa nakishika kila mwezi, nakitenga kwa kitana, naona mpaka ngozi, na bado nilichokiona nilikifumbia macho.

Huyu wifi ni mke wa mdogo wangu, fundi bomba. Kiwandani kwao wanamwita Mkasi, ingawa mkasi wenyewe haushiki. Ni mkataji katika kiwanda cha sare za shule. Vitambaa vinatandazwa juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka mpaka themanini, halafu juu yake inalazwa karatasi iliyochorwa vipande vya nguo: mgongo, kifua, kola, mikono. Hapo yeye anapita na mashine ya umeme yenye wembe uliosimama wima, akifuata mistari. Akikosea pale, hajaharibu shati moja, ameharibu themanini kwa mpigo. Ni kazi isiyotaka mtu wa papara, na wifi yangu papara alizaliwa nazo. Sufuria kwake huungua mpaka jirani abishe hodi. Anakwenda dukani kununua sabuni anarudi na kiberiti. Lakini akishika ile mashine, mkono wake unatulia, na hilo ndilo lililompa jina.

Shida ilianza siku walipompandisha cheo. Wakamfanya mkuu wa meza ya kukatia, maana yake sasa asome oda, ajaze fomu, apange nani akate nini na lini. Karatasi zikamshinda. Alikuwa anasoma mstari wa kwanza, akifika wa tatu amesahau wa kwanza ulisema nini.

"Wifi, kichwa changu ni redio inayoshika stesheni tano kwa pamoja," aliniambia siku moja. "Zote zinapiga kelele, na hakuna hata moja ninayoisikia vizuri."

Akaenda kwa daktari. Si wa kubahatisha, alimwona mara kadhaa, akamwuliza habari za utoto wake, za shule, za kazi, mpaka akamwambia ana tatizo la umakini ambalo amekuwa nalo tangu utotoni. Akamwandikia vidonge. Kimoja asubuhi. Na lazima niseme kweli, dawa haikumdanganya mtu. Wiki ile ya kwanza alinipigia simu analia. Nikadhani kuna msiba.

"Nimesoma barua ya kiwandani kutoka juu mpaka chini," akasema. "Yote, wifi. Kumbe watu wengine ndivyo wanavyoishi?"

Ungekuwepo ungefurahi naye. Na mambo yangeishia pale, leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Shule zikakaribia kufunguliwa. Oda zikamiminika, kila shule inataka sare zake jana. Daktari alikuwa ameshaongeza kidonge cha pili, cha mchana. Cha tatu, cha saa kumi, alijiongezea mwenyewe. "Siku moja tu," alijiambia, na siku moja tu hiyo ikazaa nyingine. Vidonge vya mwezi vikawa vinaisha siku ya ishirini. Kwa daktari akasema chupa ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Mwezi uliofuata, kwa kuwa chupa haiwezi kutumbukia kila mwezi, akavuka mji na kumwona daktari mwingine, akamsimulia habari zake upya kama mgeni aliyeshuka jana. Akawa na madaktari wawili wasiojuana, kama bwana mwenye nyumba mbili.

Sisi tuliona nini? Tuliona nyumba inang'aa. Alisugua kuta. Alipanga vijiko kwa urefu. Alifumua mapazia akayashona upya, akafumua tena. Mdogo wangu alikuwa anatembea amejaa kifua: "Dada, mke wangu siku hizi ni mashine." Nami nikamsifia mbele ya wateja wangu. Mgema akisifiwa, wanasema, tembo hulitia maji, na mgema wetu tulimsifia mpaka akakonda. Shingo ikawa nyembamba, mashavu yakabonyea. Binti yao wa miaka kumi na miwili alimwuliza baba yake kwa nini mama amekasirika wakati anacheka.

Kisha akaja kusuka. Kwa kawaida huwa anasinzia mikononi mwangu. Siku hiyo hakukaa. Goti linacheza, anageuka, anasimama kuangalia dirishani, anakaa, anaongea juu ya uzi, juu ya jirani, juu ya uzi tena. Nilipofika utosini nikakuta pamenyonyoka, duara kubwa kuliko kidole gumba, ngozi inang'aa. Si ugonjwa wa ngozi, huo naujua. Ni pa mtu anayejinyofoa unywele mmoja mmoja.

"Wifi, hapa pana nini?"

"Joto la kiwandani."

Nikapafunika kwa msuko. Nilipafunika vizuri kabisa, na kazi ile sijivunii.

Sasa, kilichoyafumua yote ni mikono ya mashati. Ilikuwa oda ya shule moja yenye kitambaa cha uso mmoja, upande mmoja unang'aa, wa pili umefifia, kwa hiyo huwezi kugeuza kipande cha kushoto kikawa cha kulia. Mkasi aliikataa karatasi iliyochorwa tayari. Akasema inapoteza kitambaa, yeye amegundua mpango bora. Akachora yake siku nzima bila kula, akaitandaza, akawasha mashine. Alikata kwa kasi iliyowafanya wenzake waache kazi wamtazame. Glavu ya chuma, ile ya kukinga vidole, ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wake. Alisema inamchelewesha.

Mafungu yalipofika kwa washonaji, mmoja akasema, "Jamani, wa kulia uko wapi?" Wakapekua. Mikono mia sita na arobaini, na yote ya kushoto.

Aliwabishia. Alisimama juu ya kiti akawaeleza washonaji wote kwamba wao ndio wamechanganya, kwamba kuna mtu anamwonea wivu, kwamba karatasi yake imebadilishwa. Alisema kwa kasi, kwa ushahidi, kwa tarehe. Nusu yao waliingiwa na shaka.

Msimamizi wao ni mama wa makamo wanayemwita Mama Futi, kwa sababu futikamba haitoki shingoni mwake. Ndiye aliyemfundisha Mkasi kukata, miaka kumi na tano iliyopita. Hakupandisha sauti. Alichukua vipande, akakaa kwenye cherehani mwenyewe, akashona shati moja lenye mikono miwili ile ya kushoto, akamletea.

"Vaa, mwanangu."

Mkasi akavaa. Mkono wa kushoto ukaingia vizuri. Ule wa pili ukamkaba kwapani, begani ukasimama, kiganja kikaelekea nyuma kama cha mtu anayekamatwa. Akajaribu kuunyoosha. Akajaribu tena. Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Mama Futi akaangalia msumari wenye glavu, akamwangalia yeye, akasema polepole, "Kitambaa si kitu. Vidole vyako je?"

Alivua lile shati, akachukua mkoba, akatoka kwa miguu, akatembea hadi kwangu saa sita mchana jua likiwa utosini. Nilikuwa na mteja. Aliingia akanishika mkono akanitia kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha kichwa. Chupa mbili za vidonge.

"Shika hivi. Nikikuomba usinipe. Hata nikilia. Hata nikikutukana."

Akatoka. Hakufika getini akarudi.

"Nipe kimoja tu cha leo, kesho ndiyo tuanze."

Mteja wangu nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, macho anapeleka kwake, anarudisha kwangu. Nikamwambia, "Mama, leo utaondoka hivyo hivyo, utanisamehe." Nikafunga saluni, nikamshika wifi yangu mkono tukaenda kwa daktari, yule wa kwanza. Njia nzima alikuwa mbele yangu hatua kumi, anarudi, anatangulia tena.

Kwa daktari nilidhani ataficha, lakini alisema yote. Daktari wa pili, ndoo ya kufulia, vidonge sita kwa siku, siku nyingine vinane. Daktari, binti mdogo kuliko sisi sote, aliandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Asante kwa kuniambia," akasema. "Hapa umeingia kwenye uraibu. Si kwamba umekuwa mtu mbaya. Tutapunguza kwa hatua, na atakayekuandikia dawa ni mimi peke yangu. Dawa ashike mtu mwingine."

"Atashika wifi," Mkasi akasema, akanitazama kama mtu anayemchagua askari wa kumfunga.

Daktari akatueleza yanayokuja. Usingizi mzito, njaa, hasira, huzuni isiyo na sababu, mwili kuchoka huku miguu haitaki kutulia. Wengine huingiwa na mawazo ya kufa. "Hayo yakija," akaniambia mimi, "hamsubiri tarehe ya kliniki. Mnakuja saa hiyo hiyo." Akampangia pia mshauri wa kumwona kila wiki.

Jioni mdogo wangu alikuja moja kwa moja kutoka kazini, spana bado mfukoni. Alimkuta mkewe anazunguka meza ya sebuleni kwangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unanisifia," akajibu. "Nyumba inang'aa, unaniita mashine. Ningeanzia wapi?"

Mdogo wangu akaitoa spana mfukoni, akaigeuzageuza. Tulikubaliana akae kwangu kwa muda, kwa sababu mumewe anatoka alfajiri, na kwao hakuna mtu wa kumtazama mchana. Binti akabaki na baba yake.

Vijana wa mitaani wana neno lao la hali hiyo, wanaiita arosto. Mimi nilidhani ni ya wale wa unga tu. Siku za mwanzo, dawa ilipopungua, wifi yangu alilala. Alilala kama gunia. Nilikuwa naweka kiganja puani nione kama anapumua. Akiamka anakula, anakula tena, anafungua sufuria zangu kabla hazijaiva, halafu anajichukia kwa kula. Kisha usingizi ukakata, wasiwasi ukaingia. Uani kwangu kuna mnazi wa kuanikia nguo, hapana, nasema mnazi, ni nguzo tu ya mnazi, na alikuwa anaizunguka mpaka akachora njia ardhini. Akikaa, mguu unapiga sakafu. Akisimama, anataka kukaa. Anafungua redio, inamkera, anaizima, ukimya unamkera zaidi. Nilimpa nyuzi azifumue, akazitupa. Nilimpa maharage ayachambue, akachambua vizuri mpaka nusu, halafu akainuka akayaacha na sikujua kapotelea wapi. Nilimkuta barabarani anatembea kwa kasi, kandambili mguu mmoja.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Niko ndani ya mwili wangu kama niko ndani ya nguo iliyobana."

Lililonitisha zaidi ni lile la kutojali. Binti yake alikuja na daftari, amekuwa wa tatu darasani. Mkasi akalitazama, akasema "hongera" kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha barabarani. Mtoto alipoondoka akaniambia, "Wifi, sikusikia kitu. Ni mwanangu, na sikusikia kitu. Kama ndivyo nitakavyokuwa, bora nisiwepo."

Nikavaa viatu saa hiyo hiyo. Tulikwenda kliniki, akakaa na mshauri kwa muda mrefu mlango ukiwa umefungwa. Waliporudi nje mshauri akaniambia nisimwache peke yake wiki hiyo, na vitu vya hatari niviondoe. Niliondoa mikasi ya saluni yote. Nilisuka wiki nzima nikikata nyuzi kwa meno. Mshauri alimwambia yeye kwamba furaha haijafa, imechoka tu, kwa sababu ilikuwa inachapwa mijeledi kila siku, na itarudi kidogo kidogo. "Kidogo kidogo ndiyo lini?" Mkasi alikuwa ananiuliza kila asubuhi, kana kwamba mimi ndiye niliyesomea.

Wiki ya tatu nikaona afadhali. Akaanza kucheka. Akaniambia msosi wangu hauna chumvi, nikajua wifi yangu anarudi, maana mawifi wakiacha kusemana kuna mmoja mgonjwa. Mchana mmoja nikamwacha chumbani nikaenda kibarazani kumalizia kichwa cha mteja. Niliporudi kuchukua mafuta nikamkuta ameketi sakafuni, koti lake la kazini magotini, wembe wa saluni yangu mkononi. Nikaangusha kitana. Kumbe hakuwa anajikata yeye. Alikuwa anafumua pindo la koti, uzi baada ya uzi, kwa ustadi ule ule wa kiwandani, na kwenye pindo vimepangwa vidonge kama shanga. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii hakikuwa fumbo.

"Umemeza vingapi?"

"Viwili."

"Lete hivyo."

"Usiniguse!" Alikumbatia koti. "Wewe ni nani? Wewe si ndugu yangu. Ni wifi tu! Umefurahi kuniweka ndani, umefurahi mke wa kaka yako kuonekana chizi!"

Kaka yangu ni mdogo wangu, hata hilo alilichanganya. Iliniuma, sitaficha. Nilitaka kumwambia basi rudi kwenu. Badala yake nikakaa chini, mbali kidogo na wembe, nikasema, "Ni kweli, ni wifi tu. Haya, wifi yako yupo hapa." Nikampigia daktari huku tukitazamana. Nilitegemea daktari atafoka. Akauliza amemeza vingapi, anajisikiaje, moyo unakwendaje, akasema mlete tumpime. Kisha akaomba aongee naye. Sikusikia alichoambiwa. Niliona tu mkono unaachia wembe.

Kwenye benchi la kliniki, baada ya kupimwa, alikaa mguu unapiga sakafu. Halafu bila kuulizwa akasema, "Kwenye mapazia pia."

"Mapazia yapi?"

"Yote ya kwetu. Mapindo yote."

Mdogo wangu aliyashusha mapazia Jumamosi ile, dirisha baada ya dirisha, nyumba ikabaki uchi wapita njia wanaona mpaka jikoni. Mke na mume wakakaa sakafuni. Yeye ana wembe, mume ana spana ndogo isiyo na kazi yoyote, anaishika tu. Mkasi akifumua, mumewe anaviokota anatia kwenye kopo. Nilisikia mdogo wangu akiuliza, "Hili pia?" na mkewe akijibu, "Hilo pia." Kopo tulilipeleka kwa daktari lilivyo.

Hakuna siku aliyopona. Napenda ningeweza kuitaja. Dawa ilipunguzwa mpaka ikaisha, na ilipoisha ile redio ya stesheni tano ikarudi kama ilivyokuwa. Sufuria zikaungua. Alilia kwa hilo kuliko yote: kwamba ameteseka vile halafu amerudi pale pale. Baadaye daktari alimjaribishia dawa ya aina nyingine, isiyo ya kuchangamsha mwili. Ilimsaidia, lakini si kama zile. Mengine alijifunza na mshauri. Kazi ndefu anaikata vipande. Saa ya jikoni inalia kila robo saa. Jikoni kwake ukutani kuna karatasi yenye maandishi makubwa: ZIMA MOTO, na mdogo wangu ameongeza kwa kalamu yake: NA UZIME KWELI.

Mama Futi alimpokea tena kazini, ila si kwenye wembe. Alimpa kazi ya kufunga mafungu na kuyabandika namba, kazi ya wanaoanza. Wenzake walimtania: "Mkasi, siku hizi umekuwa kamba!" Alirudi kwangu amefura. "Nitaacha kazi," akasema. Kesho yake akaenda. Wiki iliyofuata akasema ataacha, akaenda. Miezi minane alikuwa anaacha kazi jioni na kwenda asubuhi. Kisha Mama Futi akamkabidhi mashine, tabaka ishirini tu, akasimama karibu yake kutwa nzima. Mkasi anasema mkono ulitetemeka mpaka kipande cha tatu. Cha nne ulitulia. Ukuu wa meza walikuwa wamempa mwingine, na hajauomba tena.

Sasa ni mwaka na miezi minne tangu vidonge vile viishe. Msimu wa sare umeanza, na juzi alikuja kwangu kutoka kazini, hakukaa, akachukua ufagio akafagia sehemu niliyokwisha kufagia. Akaniambia mshonaji mmoja kijana, msichana mwepesi na mchangamfu, alimfuata wakati wa mapumziko akamnong'oneza: nimesikia zamani ulikuwa na vidonge vya kuongeza kasi, hunipi na mimi kidogo nimalize msimu?

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Nilitoka nje nikazunguka ukuta wa kiwanda mara tatu." Akaacha kufagia. "Wifi, unajua nilitaka kumwuliza nini? Nilitaka kumwuliza kama amepata pengine."

Alifagia, akabeba taka akatupa, akarudi akakaa kwenye kiti cha wateja, akainuka.

"Kesho nitamwambia habari ya mikono ya kushoto," akasema. "Anaisikia kwa watu tu, wanaisimulia kama kichekesho. Sijui kama nitaimaliza."

Aliimaliza, au karibu yote. Aliniambia kwamba walikaa nyuma ya stoo ya vitambaa na yule msichana, kengele ikalia kabla hajafika kwenye mapazia, na msichana akasema, "Mapumziko ya saa tisa utaendelea?" Mkasi akamwambia ndiyo, kisha akaenda kuvaa glavu.